Mahali pa Kutua

Wifi yangu namwonea wivu. Naanza na hilo ili mtu asije akanisoma hadi katikati akidhani naandika habari za ndege. Habari za ndege zipo, maana kwa karibu mwaka mzima kazi yangu ilikuwa kutafuta mahali ambapo teksi za anga zingetua kati ya Kasongo na Wamaza, huku kwetu Maniema, mashariki mwa Kongo. Lakini nikiukumbuka mwaka ule, kinachonijia kwanza ni shingo ya wifi yangu mbele yangu njiani, imenyooka chini ya kitunga cha mchele, na mimi nyuma yake nikiitazama kwa hasira.

Ni mke wa kaka yangu. Wanaishi Wamaza, katika nyumba aliyotuachia baba, pamoja na mama yetu. Mimi niko Kasongo mjini tangu nilipomaliza masomo ya upimaji. Nafanya kazi katika ofisi ya ardhi; nina meza, nina mashine ya kupimia yenye miguu mitatu, na nina kofia. Wifi kwa kabila ni Mubangubangu wa Kabambare, darasani hakukaa, na kazi yake ni njia. Ananunua mchele na mafuta ya mawese, anajitwika, anashuka navyo hadi soko la Kasongo siku mbili kwa miguu, anarudi na chumvi na sabuni. Pikipiki anapanda akiwa mgonjwa tu.

Utotoni mama alikuwa akiniita "mama", kwa sababu nilipewa jina la mama yake mzazi. Hakuna mtoto mwingine nyumbani aliyeitwa hivyo, na nililishika neno lile kama mali yangu. Wifi alipoolewa kwetu hakumaliza hata mwaka kabla mama hajaanza kumwita hivyo hivyo. Nilikuwa nimekwenda likizo, nikasikia uani, "Mama, kuja kwanza," nikaitika, nikatoka jikoni nikifuta mikono. Si mimi niliyeitwa. Walicheka wote wawili, nami nikacheka nao, na kicheko kile kilinikaa kooni miaka mingi.

Basi ndipo ikaja ile projé, mradi wa teksi za anga. Aliyeileta ofisini kwetu alikuwa injenia, mwanamke wa Kinshasa wa rika langu, mpole, mwenye kuandika kila kitu katika daftari. Alitueleza kwamba kuna mashine ndogo za umeme zinazobeba watu wanne, zinapaa wima na kutua wima, wala hazihitaji uwanja mrefu. Mashine zenyewe zingekuja baadaye. Yeye alitaka mahali pajulikane kabla, pachaguliwe kwa akili: ardhi ngumu isiyojaa maji, pasipokatwa miti, pasipochukuliwa shamba la mtu, penye jua la kutosha kujaza betri, na mtu afike kwa miguu yake. Tungeanza na sehemu mbili, moja ya mjini na moja ya vijijini. Zikikubaliwa, mmoja wetu angefanywa mkuu wa kikundi cha kutafuta sehemu nyingine zote za kusini mwa Maniema.

Nikataka niwe mimi huyo mkuu. Sijawahi kutaka kitu namna ile. Usiku nililala nikipanga jinsi nitakavyomwambia mama.

Sehemu ya mjini haikunisumbua. Nilipendekeza kiwanja cha ghala la zamani la pamba, karibu na njia ya kwenda hospitali: simenti yake ingali imara, paa lingebeba sahani za umeme wa jua, na wenye pikipiki na baiskeli tayari wanasimama pale kungoja abiria. Injenia aliitikia kwa kichwa, akafunga daftari bila kuandika neno. Ya vijijini nayo nilikuwa nimekwisha kuichagua moyoni: uwanja wa mpira wa shule ya Wamaza, pale baba yangu alipofundisha. Tambarare, wa mstatili, unapendeza kwenye ramani. Na kutoka mlangoni kwa mama unaonekana wote. Nilimwona kabisa amekaa kwenye kiti chake, mashine inashuka, naye anawaambia majirani ni nani aliyepima pale.

Injenia akasema hapana, kwanza watu wa njiani waulizwe. Aliandika swali kwa Kifaransa, mimi nikapewa kulitia katika Kiswahili. Lilikuwa swali moja fupi, na nililimaliza kabla chai haijapoa: "Mahali pazuri pa kutua ni wapi?" Wangetumwa watu wanne wanaoijua njia, kila mmoja na kifaa kidogo cha kubonyeza kinachoandika mahali kilipo. Hawakuhitaji kusoma. Wangelishika swali kwa kichwa, waliulize kijiji kwa kijiji, waende hadi mahali walipoonyeshwa, wabonyeze.

Mama akanipigia kwa simu ya kaka. "Nasikia uko unatafuta watu wa njia," akasema. "Mupatie mama kazi."

Ilinijia kumwuliza mama yupi. Sikuuliza. Kazi nilimpa, na nitasema kweli kwa nini: nilidhani itamshinda. Kifaa kile kilikuwa na vitufe vitatu, nami nilijiambia huyu mtu wa mchele atabonyeza kisichobonyezwa, na mama atasikia.

Wiki tatu baadaye tulikusanya vifaa vyote vinne na kuvifungua kwenye kompyuta ya injenia. Alama zilijitokeza juu ya ramani, zimefuatana na njia kama shanga kwenye uzi. Hakukuwa na hata moja kwenye uwanja wa shule. Nyingine zilikuwa chini ya miti mikubwa, nyingine kileleni mwa kilima, nyingine kando ya kijito mahali ambapo hata kunguru angetafakari kabla ya kushuka. Injenia alikunja uso. Mimi nilifurahi, ingawa nilijitia huzuni. Nilimwambia kwamba watu wetu wa vijijini, maskini, ndege hawaijui vizuri, na kwamba afadhali tuendelee na uwanja wa shule. Kisha, kwa kuwa wifi alikuwa mjini siku ile na mzigo wake, nikaomba aitwe ajieleze. Nilitaka injenia amwone.

Akaja na kitenge chake cha safari, akasimama karibu na mlango ingawa kiti kilikuwepo. Nikamwuliza mbele ya wote ni kwa nini walibonyeza mahali pasipoweza kushuka hata kuku.

Hakuona haya. Aliniangalia kama anayeulizwa jina la mtoto wake. "Wifi, si ulituambia tuulize watu fasi ya kutua?" akasema. "Sisi wote tunatuaka pale."

Watu wa ofisini walianza kucheka mmoja mmoja, kwa jinsi walivyoelewa. Injenia, ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha salamu tu, aligeuka kwangu ili nimwelezee. Nikalazimika kumtafsiria kosa langu mwenyewe. Nilimwambia kwamba kwetu ndege inatua, ndiyo, lakini kabla ya ndege yoyote, anayetua ni mtu mwenye mzigo kichwani. Kila mwenda njia ana mahali anapojua atautua mzigo wake, apumzike, ajitwike tena aendelee. Ukimwuliza mwanamke wa njia ya Wamaza mahali pazuri pa kutua, hatatazama juu. Na hilo nilipaswa kulijua, maana mama yangu alinizaa kati ya watu hao.

Nilingoja injenia acheke. Hakucheka. Alimvutia wifi kiti, akamkalisha, akafungua daftari, akaanza kumwuliza kupitia kwangu. Kwa nini hapa na si pale? Nani alipachagua? Mvua ikinyesha inakuwaje? Wifi akajibu bila haraka, mikono mapajani. Kwamba mtu hatui mchele kwenye matope, kwa hiyo lazima pawe pakavu hata masika. Kwamba hatui chini ya kilima, kwa sababu akijitwika tena ataanza na mlima. Anapanda kwanza, ndipo anatua. Kwamba pale hapalimwi, kwa kuwa ni pa wote, na mwenye shamba la jirani anajua mpaka wake bila kuambiwa. Kwamba kituo na kituo vimeachana kadiri shingo inavyochoka.

Kila jibu nililolitafsiri, injenia alilitafutia nafasi katika orodha yake ya masharti, na kila mara nafasi ilikuwepo. Vitu nilivyokwenda kusomea miaka, mwenzangu alikuwa navyo shingoni. Daftari lile halikuandikwa neno langu hata moja tangu tuanze kazi, na siku hiyo likajaa kurasa tatu. Nilikuwa mdomo wa wifi yangu kuanzia asubuhi hadi saa sita, na wivu ulinipanda hadi masikio yakawa ya moto.

Injenia alirudi Kinshasa. Aliniachia kazi ya kupita njia ile mwenyewe, niangalie vituo vyote, nipime, nichague kimoja kinachofaa, na kukilinganisha na uwanja wa shule. Aliniomba nimchukue wifi. Nilimchukua.

Pikipiki ilitufikisha kwenye daraja lililokatika, kuanzia hapo tukatembea. Ilikuwa masika. Wifi alikuwa na kitunga chake, maana hawezi kutembea njia ile kichwa kitupu. Alisema shingo inashangaa. Tulivyokwenda akanitania, kama wifi anavyotaniwa, akiuliza mashine yangu ya miguu mitatu inakula nini, na kama imeolewa. Kisha akaniambia jambo ambalo hakumwambia mtu. Kituo kizuri kuliko vyote hakikuwa kwenye ramani. Alipofika pale kifaa kilikuwa kimezimika, akaona haya kusema. Ni kile cha mwisho kabla ya Wamaza, wanakiita kwenye jiwe. "Usipoteze siku, wifi," akasema. "Twende ukaone jiwe."

Kila tulipopita watu walimsalimu yeye. Mimi mwenye kofia walinisalimu baadaye. Wazee, wanawake wa mashambani, wachimbaji wa dhahabu waliotoka mbali, wote walikuwa na neno la kumwambia, na wengi walimwita mama. Mara ya tano au ya sita nikashindwa kuvumilia. Nikasema anipe kitunga, nitakibeba mimi. Akaniangalia kidogo, hakubisha. Alinitwika, yeye akajiwekea mashine yangu kichwani, miguu mitatu ikitazama mbinguni, akatangulia mbele bila kuishika.

Sitaeleza njia ile. Kitu nilichojifunza ni kwamba mtu mwenye mzigo hasikii matani, haoni maua, hafikirii ukuu wa kikundi chochote. Anafikiria mahali pa kutua tu. Tukaupanda mlima wa mwisho. Tulipofika kwenye jiwe sikuliona. Niliona kichanja cha mianzi kilichosimikwa ukingoni, kimo cha mabega, na sikujua nikifanye nini. Mikono yangu ilikuwa imekufa ganzi. Nilitaka kukitupa kitunga na mchele wote.

"Ingia karibu," wifi akasema kando yangu. "Piga magoti kidogo. Wacha mianzi ishike yenyewe."

Nikapiga magoti kidogo. Mianzi ikashika. Kitunga kikaniacha chenyewe, bila mtu kunisaidia, kikakaa pale juu kikiningoja. Machozi yalinitoka nikasema ni jasho, naye akasema ndiyo, jua ni kali, na jua halikuwepo.

Ndipo nikatazama. Jiwe lilikuwa bapa, pana kuliko kiwanja cha kanisa letu, halioti kitu. Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri na bado juu yake hayakutuama maji, yote yameteremkia mbugani. Pande mbili anga lilikuwa wazi, hakuna mti wa kukata. Mabati ya Wamaza yalionekana chini, na mgonjwa angeweza kubebwa hadi pale kwa machela kabla ya wabebaji kupokezana mara ya pili. Nilisimamisha mashine, nikapima, nikarudia, nikitumaini kukuta mteremko. Hapakuwa na mteremko wa kusema. Kesho yake nilikwenda kupima uwanja wa shule, nikakuta maji ya vifundoni, na bata wawili wa mwalimu mkuu wakiogelea golini.

Niliandika ripoti, na kuhusu jiwe niliandika kweli, kwa sababu vipimo havina wivu. Nilisifu ukavu wake, nikachora mahali pa sahani za jua, nikaandika kwamba kichanja kibaki, tena kijengwe kipya cha mbao, maana watakaofika pale kwa miguu watakuwa na mizigo. Chini kabisa ya karatasi kulikuwa na mstari mmoja: mahali hapa palitambuliwa na nani.

Kalamu ilisimama hapo muda mrefu. Nilijipa sababu zote. Nilijiambia karatasi ya serikali inataka mtu wa cheo. Nilijiambia hasomi, hatajua. Nilijiambia, na hii ndiyo niliyoipenda zaidi, kwamba kama nisingekosea neno lile hakuna ambaye angeuliza habari za vituo. Kosa lilikuwa langu, kwa hiyo na matunda yake ni yangu. Nikaandika jina langu.

Jiwe lilikubaliwa. Nilifanywa mkuu wa kikundi. Niliacha chakula mezani nikampigia mama, nikamweleza yote bila kupumua, naye akanisikiliza hadi mwisho. "Vizuri, asante Mungu," akasema. "Na mama, wamemwambia?"

Nilimwambia ndiyo.

Miezi ikapita. Mafundi walipanda wakajenga kichanja cha mbao na kusimika ubao wa bati wenye maandishi ya buluu, kwa Kifaransa. Mashine zenyewe hazijaja, wala sijui zitakuja lini. Mimi na watu wangu tunaendelea kutafuta sehemu nyingine kuelekea Kabambare na Nyangwe, na siku hizi tunauliza swali kwa maneno mengine. Ubao sikuwa nimeuona. Niliuona nilipokwenda kumsalimia mama, nikakutana na wifi njiani akirudi sokoni na wenzake, tukapanda pamoja.

Wanawake walitua mmoja baada ya mwingine kwenye kichanja kipya, wakikigonga kwa kiganja na kukisifu. Wifi akatua wa mwisho. Akaenda mbele ya ubao, akasimama, mikono kiunoni.

"Wifi, hapa iko andikwa nini?"

Nilikuwa nimekwisha kuusoma. Jina langu lilikuwa mstari wa tatu, herufi kubwa, halikukosewa hata nukta. Wanawake wote walikuwa wamegeuka kusikiliza. Nikasoma mstari wa kwanza, jina la projé. Nikasoma wa pili, kwamba mahali hapa pamechaguliwa kwa kutua. Kwenye wa tatu nikasema palitambuliwa na, nikataja jina lake. Lilitoka mdomoni kwa urahisi kabisa, kana kwamba lilikuwa pale.

Wenzake wakapiga vigelegele. Yeye hakufurahi wala hakukataa. Alifungua fundo la kitenge, akatoa karte yake, ile kadi ya kupigia kura, iliyofungwa ndani ya nailoni, akaisogeza karibu na ubao. Akaweka kidole kwenye karte, akaweka kidole kwenye bati. Kusoma hajui, lakini jina lake kwenye karte ile ameliangalia miaka.

"Yangu inaanzaka na hii," akasema polepole, kwangu tu. "Hapa iko ingine."

Nilingoja aseme. Nitakiri kwamba nilitamani aseme, anitukane mbele ya wote, anipigie kelele hadi Wamaza, nipate mwishowe sababu moja ya haki ya kumchukia. Aliniangalia usoni, akaniangalia sana. Kisha akageuka kwa wenzake waliokuwa wanauliza kuna nini.

"Wale watu wa Kinshasa wamekosa kuandika jina," akasema kwa sauti. "Si kitu. Wifi ataenda kuwaambia."

Akairudisha karte ndani ya nailoni, nailoni ndani ya kitenge, akafunga fundo. Akaenda kusimama chini ya kitunga chake.

"Kuja unitwike, wifi."

Kwenye kichanja kile mtu hahitaji kutwikwa. Ndiyo maana kilijengwa. Niliandika hivyo mwenyewe kwenye ripoti. Alijua, na wenzake walijua, nami nilijua. Nilikwenda nikashika kitunga pande zote mbili, nikakiinua, nikakiweka juu ya kichwa chake, naye akakiachia mikono yangu hadi kikatulia. Halafu akatangulia kuteremka kwenda kwa mama yangu, na mimi nikamfuata nyuma, mikono mitupu, nikimwonea wivu.